Kidato Chetu Kule Mtoni

Wewe unayenisikiliza, naomba kwanza uiondoe kichwani Chamazi ya leo. Ondoa taa za uwanja wa mpira, ondoa fremu za maduka, ondoa bodaboda na nyumba za ghorofa zinazoota kila ukipepesa macho. Bakiza mikorosho, mashamba ya mihogo, nyumba za udongo, nyumba chache za tofali, na njia ya mchanga inayoteremka bondeni. Mwisho wa njia hiyo palikuwa na mto. Kwenye ramani si mto wa kujivunia, ni uzi mwembamba unaokwenda kuungana na mwingine mkubwa kabla ya kufika baharini. Sisi tuliuita mto tu, bila jina, kama mtu anavyosema "mama" bila kuhitaji kueleza ni mama yupi.

Kwenye ukingo wake palikuwa na ngazi, na ngazi hizo ndizo nataka kukusimulia. Nitakwenda polepole. Nilifundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, na darasa la tatu ukilikimbiza halikuelewi.

Nilifika Chamazi nikiwa mke mpya na mwalimu mpya. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Wote wawili tulitoka mlimani, kaskazini, ambako maji hupita kwenye mfereji nyuma ya nyumba na mtu huchota akiwa bado na usingizi machoni. Kiwanja tulikipata Chamazi kwa sababu hakuna mwingine ofisini kwake aliyekitaka. Tulijenga vyumba viwili, tukaezeka bati, tukahamia hata kabla ya kupiga lipu. Sikuwa na ndugu hapo, wala mtu wa kijijini kwetu, wala mtu wa kanisani ambaye ningemfikia kwa miguu. Wiki ya kwanza, mbali na mume wangu na wanafunzi, sikumbuki kama kuna mtu aliyenisemesha.

Siku ya kwanza kwenda mtoni nilibeba ndoo mbili, moja ya kuchotea na moja ya kufulia. Nilipofika ukingoni nikasimama. Sikutarajia kuona kitu kile. Vidato kumi na vitatu vya mawe na saruji vilishuka kutoka sehemu ya juu ya ukingo mpaka ndani ya maji, na karibu kila kidato kilikuwa na mwanamke wake, amekaa, anafua, anaongea. Povu la sabuni lilikuwa likishuka pembeni taratibu. Kidato, kama hujazoea neno hili nje ya shule, ni ile sehemu moja ya ngazi unayoikanyaga, hatua moja.

Mama mmoja wa makamo, mnene, aliyekaa karibu kabisa na maji akiosha mchele kwenye sufuria, alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nyumba ipi?"

"Ile ya bati jipya, karibu na shule."

"Ahaa. Nyie ndio watu wa mlimani." Akageukia wenzake. "Jamani, mlima umeshuka wenyewe!" Wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa sikujua kama naruhusiwa. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na kidato chenu kiko wapi?"

Nikasema hatuna. Wale waliokuwa wakicheka wakanyamaza kwa huruma, kama vile nimesema sina mume.

Mama huyo aliuza vitumbua asubuhi mbele ya nyumba yake, na mchele wake aliuosha mtoni kila alasiri. Yeye ndiye aliyenieleza utaratibu, nami nakueleza kama alivyonieleza. Kila nyumba mpya inayotegemea mto ule inatengeneza kidato kimoja. Haruhusiwi fundi wa kuajiriwa. Wenye nyumba wenyewe ndio wachanganye saruji. Kidato cha kwanza, cha chini kabisa, ni cha nyumba ya zamani kuliko zote, nacho kilikuwa chake yeye. Wanaokuja baadaye wanapanda juu. Kidato chako ndicho kiti chako. Unafulia hapo, unasukia nywele hapo, unakaa hapo ukisubiri maji yatulie mvua ikiyachafua. Masika mto ukijaa, vidato vya chini vinazama, na wenyewe wanahamia kwenye vidato vya wenzao wa juu kama wageni. Kiangazi mto ukipungua, wa juu wanashuka kwa wa chini.

"Kwa hiyo mtu asiye na kidato," nikauliza, "anachota wapi?"

"Anachota hapahapa, maji ya Mungu haya. Ila anasimama." Akasukasuka sufuria yake. "Na mtu aliyesimama, mwanangu, hakuna anayempigisha stori. Shingo inauma kumtazama."

Historia yenyewe ya ngazi niliipata dukani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiarabu ambaye babu yake alianza kuuza chumvi na vitambaa eneo lile kabla hata ya mikorosho, kama alivyopenda kusema. Ukutani kwake, nyuma ya mizani, palikuwa na kalenda ya zamani sana ambayo tarehe zake zilishakatwa, ikabaki picha peke yake. Ilitoka kwa mfanyabiashara wa vitambaa Kariakoo. Picha ilionyesha mji mmoja wa India ulio ukingoni mwa mto mpana. Ngazi za mawe zilishuka kutoka kwenye majumba mpaka majini, pana kama uwanja. Watu walikuwa wengi juu yake, wengine wakioga, wengine wakifua, wengine wamekaa tu na miavuli.

"Zamani hapo mtoni kulikuwa tope tupu," mwenye duka aliniambia. "Wanawake wanashuka kwa makalio, wanapanda kwa magoti. Siku moja yule bibi wa vitumbua kaja kununua sukari, kaikodolea macho kalenda. Akaniuliza, 'Hawa nao ni watu kama sie?' Nikamwambia ndiyo, watu. 'Sasa mbona wao hawatelezi?' Nikamwambia wamejenga. Akaondoka bila sukari yake. Kesho yake nikamkuta mtoni anapanga mawe."

"Peke yake?"

"Peke yake. Mie nikampa mfuko wa saruji uliokuwa umeanza kuganda. Ndio hicho kidato cha kwanza. Angalia vizuri, kina mabonge mpaka leo."

Mara nyingi nilikwenda dukani kwa kiberiti nikabaki nikiangalia picha ile. Sikujua mji ule unaitwaje, na mwenye duka hakujua pia. Lakini nilimtafuta kati ya watu wake mwanamke aliyesimama peke yake bila pa kukaa. Niliona mmoja, kona ya kushoto, amebeba chungu. Labda alikuwa anapita tu.

Utaratibu wa vidato nilimweleza mume wangu jioni ya siku ile ya kwanza mtoni. Kama kuna kitu alichokipenda ni kazi yenye vipimo. Jumamosi alivaa kaptula, akabeba mawe kwa toroli la kuazima, akachanganya zege kwa mkono wake. Aliazima pimamaji, kile kipande cha ubao chenye kichupa na kitone cha hewa ndani, akakilaza juu ya zege na kupiga magoti kuangalia kitone kikae katikati. Kidato cha kumi na nne kilitoka safi kuliko vyote, kingo zimenyooka kama daftari jipya. Wanawake walikuja kukiangalia kikiwa kibichi, wakasema, "Hongera, shemeji." Walimwita shemeji tangu siku hiyo, kwa sababu walishaamua kwamba mimi ni ndugu yao mtarajiwa. Nililala nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu tushuke kwenye basi.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya.

Kwetu mlimani njia ni kali. Vidato vinavyochongwa kwenye njia za migombani huwa virefu, mtu anainua goti hasa, maana ukivichonga vifupi vitakuwa vingi na mvua itavila. Mume wangu alipofika kwenye kidato chetu hakuuliza kimo cha vile vya wenzake. Alipima kwa goti lake, kama baba yake alivyopima. Vidato kumi na vitatu vya chini vilikuwa na kimo cha shibiri kasoro vidole viwili. Chetu kilikuwa shibiri na kidole kimoja. Tofauti ni vidole vitatu tu. Ukiwa mikono mitupu huioni.

Lakini fikiria mwanamke mwenye ndoo iliyojaa kichwani. Hatazami chini. Akitazama chini maji yanamwagika. Mguu wake ndio unaotazama. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, mguu unashika mahadhi, na kufika cha kumi na tatu unaenda wenyewe kama wimbo. Halafu cha kumi na nne, mwisho kabisa, pumzi imekwisha na shingo imechoka, kinakuja na vidole vitatu zaidi.

Siku ya kwanza kutumika, wanawake wawili walijikwaa wakajizuia. Siku ya pili ikawa zamu ya mama wa vitumbua. Alipanda na sufuria ya mchele uliokwishaoshwa, mchele wa kesho yake wote. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kidato chetu, kwa mara ya kwanza, nikifua shuka. Nilisogea kumpisha. Kidole gumba chake kiligonga ukingo, tak, akayumba, akanishika bega, akasalimika. Sufuria haikusalimika. Mchele ulimwagika kidato hadi kidato, mweupe, mpaka majini, na bata wa mwenye duka wakaja mbio kama walioalikwa.

Hakuna aliyecheka. Mama yule aliwatazama bata muda mrefu.

"Haya," akasema. "Leo wateja wangu wametangulia."

Nikaanza kuomba radhi. Akaninyooshea kiganja.

"Si wewe, mwanangu. Ni hiki kitu chenu. Mumeo kajenga ngazi ya twiga. Mwambie akipunguze. Kama hapunguzi, basi na kiondoke, na nyie mchote kule chini kwenye tope."

Nilimwambia mume wangu maneno hayo nikiyapunguza makali. Hayakupungua vya kutosha. Alikwenda na pimamaji mpaka mtoni, akailaza kwenye kidato mbele yao wote.

"Angalieni wenyewe. Kitone kiko katikati. Kimenyooka."

"Kunyooka kimenyooka, shemeji," alisema mama wa vitumbua. "Ila shingo yangu haina kichupa."

"Sasa tatizo ni kidato au ni shingo?"

"Hee! Jamani msikieni!" Wanawake wakapiga makofi. "Basi beba wewe. Ndoo hii hapa, imejaa mpaka mdomoni. Ipandishe tangu majini mpaka juu, kwa kichwa kama sie, bila kutazama chini. Ikifika bila kumwaga tone, kidato chako kinabaki na mdomo wangu naufunga. Ikimwagika, unakivunja leoleo."

Nilimtazama asikubali. Akakubali. Alivua viatu, akakunja suruali ya ofisini. Mwanamke mmoja alimviringishia kanga kichwani iwe kata ya kukalia ndoo, mwingine akamtwisha. Wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, huku wakimtania kwamba anatembea kama bwana harusi. Mimi nilisimama juu. Nakiri kitu ambacho sijamwambia mpaka leo: nilimwombea amwage. Nilitaka maji yale yamlowanishe shati zima, wacheke wote, yeye acheke, tukivunje kidato siku hiyohiyo na nikae na wenzangu.

Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Akainua mguu, akapanda cha kumi na nne kama mtu anayepanda kitandani. Hakuyumba. Alikuwa mrefu, na goti lililopima kidato kile lilikuwa goti lake mwenyewe, lingewezaje kukosea? Hakumwaga hata tone.

"Mmeona?" alisema.

"Tumeona, shemeji," mama wa vitumbua akajibu. "Neno ni neno. Kibaki."

Na kweli neno lilikuwa neno. Hakuna aliyelalamika tena. Kesho yake nilipofika mtoni nilikuta wamekwishatengeneza njia nyingine. Walipanda vidato kumi na vitatu, kisha wakakata pembeni kwenye tope, wakashikilia mzizi wa mkorosho, wakatokea juu. Walipendelea utelezi ule kuliko kukanyaga kidato chetu. Mimi nilikuwa nimekaa juu yake na beseni langu, kiti changu halali, na wao wakinipita pembeni mmoja mmoja.

"Habari za asubuhi, mwalimu."

"Nzuri, mama."

"Haya, mwalimu, kazi njema."

Walinisalimia kama wanavyomsalimia mwalimu mkuu siku ya kikao cha wazazi. Hakuna aliyeniuliza nimepika nini jana. Hakuna aliyenisema kwamba nafua kama mtu anayechuna ngozi, kama walivyokuwa wameanza kunisema. Chini yangu kulikuwa na kicheko, na kila nilipoinuka kwenda kuchota kilipungua.

Mume wangu aliona kwamba nimenyamaza. Akasema atatafuta kijana wa mkokoteni atuletee maji mpaka mlangoni, nisihangaike na mto tena.

"Maji yatakuja," nikamwambia. "Na watu je, watakuja na mkokoteni?"

Kusema haki sikumpa nafasi ya kunijibu.

Nilikaa hivyo siku tisa. Nilizihesabu. Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi na mume wangu aliitwa ofisini. Nilikwenda kwa mwenye duka nikamwomba nyundo na tindo.

"Unataka kuvunja nini, mwalimu?"

"Sivunji. Napunguza."

Aliviweka mezani lakini hakuviachia. "Mumeo anajua?"

"Atajua."

"Haya, chukua. Ila ukirudisha tindo limeng'oka meno, mie sijakuona."

Sikuwa nimewahi kushika tindo. Nilianza saa mbili asubuhi, na zege la mume wangu lilikuwa zuri kama kazi zake zote, yaani halikutaka kabisa kubanduka. Vipande vilivyoruka vilikuwa kama punje za mahindi. Kufika saa nne nilikuwa na malengelenge viganja vyote viwili, na nilichokuwa nimetoa kingejaa kopo moja la maziwa. Wanawake walikuja kufua. Walinitazama, wakapita pembeni.

Mama wa vitumbua alikuja alasiri na sufuria yake. Akasimama, mkono kiunoni.

"We mwalimu. Hilo jiwe unalivunja au unalibembeleza?"

"Nalipunguza, mama. Vidole vitatu."

"Nani kakwambia vitatu?"

"Nimepima."

"Kwa kipimo gani?"

Nikamwonyesha vidole vyangu. Akavitazama, akaona malengelenge, akafyonza. Aliweka sufuria chini, akanipokonya nyundo, akanionyesha jinsi ya kulilaza tindo lisigonge wima bali liingie chini ya tabaka na kulinyanyua. Banzi la kwanza alilotoa lilikuwa kubwa kuliko yote niliyotoa tangu asubuhi. Akanirudishia.

"Endelea. Mie naosha mchele."

Aliporudi na sufuria kichwani hakukata pembeni. Alipanda moja kwa moja, macho mbele, akaweka mguu.

"Bado."

Akarudi nyuma kidato kimoja, sufuria bado kichwani, akasubiri. Niligonga. Akapanda.

"Bado. Huku kulia kumevimba."

Niligonga kulia. Sasa wenzake walikuwa wameacha kufua. Mmoja alisema, "Bibi, utavunjika shingo," naye akamjibu, "Shingo yangu si yako, fua chupi zako." Akaweka mguu mara ya tatu, na mara ya nne. Mara ya tano hakusema kitu. Alipanda tu, akapita, akaendelea na njia yake kama hajapanda popote. Nilidhani amekasirika. Alipofika kwenye mkorosho ndipo aliposema, bila kugeuka:

"Jumatatu ukitangulia niwekee nafasi, nitakuja na mablanketi."

Nikakaa kwenye vumbi la zege nikalia kidogo. Halafu nikaenda kurudisha tindo.

Mume wangu alirudi jioni, jua bado halijazama. Nilimpeleka mtoni mwenyewe nisimwache asikie kwa watu. Alirudi nyumbani, akachukua pimamaji, akaja akailaza juu ya kidato. Kitone kilikimbilia kushoto kikagoma kurudi.

"Kimepinda," akasema.

"Kimepinda."

"Mimi nilishinda, mwalimu. Mbele yao wote."

"Ulishinda. Aliyekuwa akishindwa kila siku ni mimi."

Alikaa kwenye kidato cha kumi na tatu, cha watu wengine, viwiko magotini. Akatazama viganja vyangu. Akauliza nilipima kwa kitu gani, nikamwambia kwa mguu wa mama wa vitumbua. Kisha akasema ule uso uliobaki una mawe makali, utachana nyayo za watu, na kesho atachanganya saruji laini aufunike.

"Ukinyoosha tena nitaondoka," nikamwambia.

"Sinyooshi. Nitafuata hivyohivyo ulivyokipinda."

Na alifuata. Jumapili baada ya kanisa alipaka saruji nyembamba, akaikwaruza kwa ufagio isiteleze, kisha akaenda mwenyewe kubisha hodi kwa mama wa vitumbua na kumwomba aje akijaribu kabla hakijakauka. Mama akaja, akavua kandambili, akaweka mguu. "Hapo, shemeji," akasema. "Sasa umehamia."

Miaka iliyofuata sitaweza kukusimulia yote. Nakumbuka mablanketi, jinsi yanavyokamuliwa na watu wawili, mmoja akizungusha kulia na mwingine kushoto, mpaka maji yanatoka kama kutoka bombani, na yule mjanja anayeachia ghafla ili mwenzake akae chini. Nakumbuka masika, vidato sita vya chini vimezama, na mama wa vitumbua amehamia kwangu wiki tatu nzima, akinifundisha maneno ya pwani ambayo siwezi kuyatamka hapa. Nakumbuka tulivyowaogesha watoto wangu wawili pale, na jinsi kila mama aliyekuwepo alivyokuwa na haki ya kuwachapa. Kipindi cha harusi mtaa mzima ulifua mapazia siku moja na mto ulitoka povu mpaka kwenye kona. Ngazi zilipanda mpaka vidato ishirini na viwili. Kila mgeni aliyekuja kutengeneza cha kwake, mume wangu alishuka kumwambia, kabla hajachanganya chochote, akamuulize bibi wa vitumbua.

Baadaye visima vikachimbwa, mabomba yakafika, na hakuna aliyemuuliza mgeni kuhusu kidato tena. Wachimba mchanga walikuja na malori. Mto ukahama kidogo, ukaanza kubeba chupa na mifuko. Mama wa vitumbua alishatangulia mbele ya haki. Duka ni la wajukuu sasa, wanauza vocha na maji ya chupa, na ile kalenda sijui ilikwenda na nani. Mwaka huu tulishuka tena, mimi na mume wangu, yeye akishikilia bega langu kwa sababu magoti yake yamechoka. Vidato vya chini vimefunikwa na mchanga. Kile chetu bado kipo. Alikipanda taratibu, akasimama juu yake akihema. "Kizuri hiki," akasema. "Hakina makuu."

Wiki iliyopita wanandoa vijana jirani zetu, wanaojenga nyumba ya ghorofa moja, walikuja kuniuliza kuhusu ngazi yao. Wameshapata mchoro kwenye simu. Wana mama mkwe atakayeishi chumba cha juu. Niliwajibu hivi, na wewe nakujibu hivyohivyo kama unajenga, maana si jambo gumu na utaliweza. Kabla zege halijakauka, jaza ndoo maji, mpe yule atakayepanda kila siku. Mwambie atazame mbele. Wewe kaa pembeni, tazama miguu yake, na pale atakapoyumba, punguza.